Kabla ya Kujaza Ikama ya Maafisa Ustawi wa Jamii
Halmashauri au taasisi ya Dar es Salaam inayojiandaa kujaza ikama, yaani makadirio ya idadi ya watumishi wanaohitajika, ili kuomba nafasi za maafisa ustawi wa jamii isianze kwa kuhesabu nafasi zilizo wazi, bali kwa kusoma sera zake za rasilimali watu, kwa kuwa ndizo zinazoamua ni wangapi kati ya walioajiriwa watakuwapo kazini siku mwananchi atakapowahitaji.

Idadi ya wakazi haitoshi kukadiria mahitaji, ingawa haipuuziki: sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani, na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Mzigo wa kazi huonekana kwenye majalada: madai ya matunzo, migogoro ya ndoa, wazee wasio na wa kuwatunza, na watoto waliokinzana na sheria, ambao Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka shauri lao lisikilizwe katika Mahakama ya Watoto afisa ustawi wa jamii akiwapo. Afisa aliyeshinda mahakamani Kisutu, katikati ya jiji, hawezi siku hiyohiyo kutembelea kaya Chanika, pembezoni mwa jiji. Kwa hiyo sera itamke kiwango cha juu cha majalada kwa afisa mmoja, na muda wa barabarani uhesabiwe kuwa muda wa kazi.

Likizo nazo zipangwe mapema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 kwa anayejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, uzembe huumiza zaidi, kwani mtoto aliyekwishamweleza afisa mmoja ukatili aliotendewa hapaswi kuusimulia upya kwa kila anayekaimu. Sera idai makabidhiano ya maandishi, yenye siri, na afisa mpya atambulishwe kwa familia kabla mwenzake hajaondoka. Utaratibu huohuo ufuatwe kwenye uhamisho.

Wanaokaribia kustaafu, kwa hiari wakiwa na miaka 55 au kwa lazima wakiwa na 60, waorodheshwe kabla makadirio ya mishahara hayajafungwa, maana mwaka wa fedha huanza Julai 1.

Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, wakiwemo wa Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyopo Kijitonyama, wasihesabiwe kuziba mapengo hayo. Wanahitaji msimamizi, na saa anazotumia kuwaelekeza zipunguzwe kwenye mgawo wake wa majalada.