Kukosa Usingizi Hedhi Inapokoma: Namna ya Kutumia Tiba ya Mazungumzo

Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya umri wa miaka 45 na 55, na miaka inayotangulia ndiyo huwa na usumbufu zaidi: joto hupanda ghafla, jasho hulowesha shuka, na mwili ukishapoa fikra bado zinakesha. Homoni huanzisha tatizo, lakini mara nyingi huendelezwa na mazoea tunayojijengea tukiutafuta usingizi kwa nguvu. Mazoea hayo ndiyo yanayoshughulikiwa na tiba ya fikra na mienendo, aina ya tiba ya mazungumzo ambayo mwaka 2024 mwongozo wa afya wa Uingereza uliitaja kuwa mojawapo ya njia za kutibu dalili hizi, pamoja na dawa za homoni au pale zisipomfaa mwanamke.

Pitia kwanza kwa daktari, kwa kuwa upungufu wa damu na kasoro za tezi ya shingo huleta uchovu na huzuni kama vinavyompata mwanamke hedhi inapokoma. Na ikiwa umefikia kuwaza kujidhuru, nenda hospitali leo. Kisha tafuta mshauri nasaha au mwanasaikolojia. Nchini Kenya taaluma hiyo inasimamiwa na sheria ya mwaka 2014, kwa hivyo kumwomba cheti cha usajili si utovu wa adabu. Muulize pia iwapo amefunzwa tiba hii hasa, maana kusikilizwa kwa huruma hufariji, ila peke yake hakurudishi usingizi.

Nenda ukiwa na daftari. Kwa wiki mbili, andika kila asubuhi saa uliyopanda kitandani, muda unaokadiria ulilala, na saa uliyoamka. Tuseme unalala saa tano na nusu tu katika saa nane za kujilaza, na matatu ya kwenda mjini inakulazimu kuamka saa kumi na moja alfajiri: mshauri atakuambia usipande kitandani kabla ya saa tano na nusu usiku, ili muda wa kitandani ulingane na usingizi unaoupata. Agizo hili huudhi, na siku za kwanza utasinzia mchana, kwa hivyo mwenye kifafa au anayeendesha gari asilijaribu bila usimamizi. Usingizi ukishashikamana, muda huongezwa kwa dakika 15.

Ukizinduka saa tisa usiku na dakika kama 20 zikapita, ondoka kitandani. Anayeishi bedsita hana sebule ya kukimbilia. Basi aweke kigoda karibu na dirisha, leso kavu juu yake, simu iwe mbali, akae hapo hadi kope zizidiwe.

Kuhusu huzuni, mshauri atakutaka uandike wazo lenyewe, kwa mfano, “Nikitokwa jasho kwenye chama, wote wananicheka.” Kisha utahudhuria mkutano huo, upunge upepo kwa bahasha ya michango, na kuhesabu ni wangapi waliogeuka kukutazama.