Kabla ya zoezi la kumsaidia mtoto mchanga kupumua: mambo ya kuzingatia kwa wauguzi wa Bukavu

Anzeni na mahali. Mtoto asiyepumua hazaliwi kwenye ukumbi wa semina, kwa hiyo zoezi lifanyike katika maternite (wodi ya kuzalia) yenyewe, juu ya meza ile ile mnayopokelea watoto, na kwa vifaa mtakavyovishika usiku wa manane. Hapo ndipo itajulikana kama ambu, yaani mfuko wa kuminya wa kumpulizia mtoto hewa, imefungiwa kabatini na ufunguo umekwenda nyumbani na aliyemaliza zamu.

Ambu ijaribiwe kwanza. Bana barakoa kwenye kiganja, minya: usikie ukinzani, na ukizidisha nguvu vali ya usalama ifunguke. Isipojaa tena upesi baada ya kuiachia, haifai. Barakoa ziwepo mbili, namba 1 kwa mtoto aliyetimiza miezi ya mimba na namba 0 kwa mdogo aliyezaliwa kabla ya wakati. Tafuteni pia saa yenye mshale wa sekunde, maana mtoto anatakiwa kukaushwa, kupashwa joto na kusuguliwa mgongo, na akiwa bado hapumui, ambu ianze kazi kabla dakika ya kwanza haijaisha, kwa pumzi 40 hadi 60 kwa dakika. Kisha mkufunzi apange kifua cha mwanasesere wa mazoezi kikatae kupanda. Weka barakoa upya, rekebisha kichwa, safisha mdomo na uuache wazi kidogo, minya kwa nguvu zaidi. Wengi huiruka sehemu hii, nami naona ndiyo ya kukalia muda mrefu kuliko zote.

Umeme wa Bukavu mnaujua, hukatika. Duru moja ifanyike gizani, kwa tochi. Mashine ya oksijeni ikizima msibabaike: kwa mtoto aliyetimiza miezi, mwongozo wa WHO (Shirika la Afya Duniani) ni kuanza na hewa ya kawaida.

Sindano za maji zinazoigiza adrenalini (dawa ya kuchochea moyo) ziandikwe MAZOEZI kwa kalamu nzito, zihesabiwe kabla na baada. Moja ikibaki kwenye trei ya kweli, ni hatari. Wala msiichukue ambu pekee ya chumba cha kuzalia. Mama haahirishi uchungu kwa ajili ya semina. Kubalianeni neno moja la kusimamisha zoezi mara moja.

Timu iwe kama zamu ilivyo. Usiku mkiwa wawili, fanyeni wawili. Nani atamwita daktari, kwa simu ya nani, na ina salio?

Mazungumzo ya baadaye yapewe muda mrefu kuliko zoezi lenyewe. Muuguzi mkuu azungumze mwisho. Akitangulia yeye, wadogo watanyamaza. Watu waahidiwe mapema kwamba kilichoonekana hakitaingia kwenye faili la mtu, na ahadi hiyo itimizwe. Anayeogopa kuaibishwa mbele ya wenzake hatasema kwamba barakoa ilikuwa inavuja mkononi mwake.

Ratiba ya mazoezi yanayofuata ibandikwe ukutani kabla hili halijaanza: dakika chache kila wiki, wakati wa kupokezana zamu, kwa sababu mkono husahau ndani ya miezi michache.