Somo: Piga hesabu mwenyewe ujue kama mwezi utaliziba jua lote

Tarehe 1 Septemba 2016 watu walifurika Rujewa, wilayani Mbarali, kuona jua likipatwa. Mwezi ulipita katikati ya jua lakini haukuliziba lote. Ukabaki ukingo mwembamba wa mwanga pande zote, ndiyo maana tukaita kupatwa kipete. Sababu yake ni hesabu ya kugawanya tu, na simu yako inaiweza.

Hatua ya 1. Chukua kipenyo cha kitu, gawanya kwa umbali wake kutoka ulipo, kisha zidisha kwa 57.3. Jibu ni upana wake angani kwa nyuzi. Kama kipenyo ni kwa kilomita, umbali nao uwe kwa kilomita.

Hatua ya 2. Jua: 1,392,000 gawanya kwa 149,600,000. Utapata nyuzi 0.53.

Hatua ya 3. Mwezi una kipenyo cha kilomita 3,474. Hapa wengi hukosea kwa kutumia umbali mmoja tu, wakati njia ya mwezi si duara kamili. Ukiwa karibu kabisa (kilomita 356,500) unapata nyuzi 0.56. Ukiwa mbali kabisa (406,700) unapata 0.49. Weka 0.53 ya jua katikati ya namba hizo mbili na jambo zima liko wazi: mwezi wa karibu unaziba, wa mbali unaacha pete. Siku ile ya Rujewa upana wa mwezi ulikuwa kama asilimia 97 ya upana wa jua.

Hatua ya 4. Ione kwa macho yako, lakini kwa mwezi mpevu, kamwe si kwa jua. Kata duara la boksi gumu lenye upana wa sentimita 5, libandike kwenye ncha ya ufito, uchomeke ufito uwanjani. Mwezi ukichomoza baada ya magharibi, simama mita 5.5 kutoka kwenye duara, fumba jicho moja: linauenea mwezi. Sogea mbele, mwezi unapotea wote. Rudi nyuma hadi mita 7, nao unachungulia pande zote. Watoto wakilifanya hili mara moja hawalisahau.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mbona mwezi ukichomoza unaonekana mkubwa kuliko ukiwa utosini?*
Macho yanatudanganya. Rudia kipimo saa tano usiku, duara likiwa juu zaidi: umbali ni uleule wa mita 5.5.

*Tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa kipete baharini Atlantiki, lakini Pakwach, Uganda, likazibwa lote. Inawezekanaje siku moja?*
Dunia ni mviringo. Aliye mahali ambapo mwezi uko juu sana yuko karibu nao kwa kilomita elfu kadhaa kuliko anayeuona upeoni. Siku ile upana ulilingana karibu sawasawa, hivyo tofauti hiyo ndogo ikatosha.

*Na miezi ya Mirihi?*
Phobos, mmoja wa miezi hiyo, ina upana wa kilomita 22 hivi, na ikiwa utosini iko kama kilomita 6,000 kutoka ardhini: nyuzi 0.21. Jua kutoka Mirihi ni 0.35. Haizibi. Perseverance, chombo cha utafiti kilichoko Mirihi, kilipiga picha tukio hilo Aprili 2022, na Phobos inaonekana kama kiazi kinachokatiza mbele ya jua. Mshtarii ni kinyume: jua huko ni nyuzi 0.10 tu, mwezi wake Io karibu 0.6.

*Kuna la kuziba kabisa hivi karibuni?*
Tarehe 2 Agosti 2027. Jua litakuwa mbali, kama ilivyo kila mwaka baada ya Julai kuanza, na mwezi utakuwa karibu. Upana wake utafika 1.08 ya jua. Ndiyo maana Luxor, Misri, giza litapita dakika 6. Walioko Jeddah na Makkah nao wamo njiani. Nairobi mtaona kipande tu kikiliwa, kwa hiyo msivue miwani maalumu hata sekunde moja.