Mfanye Nini Msimamizi wa Mchezo Wenu Akiacha

Katika mchezo wa kuigiza mezani, uliopata umaarufu tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons nchini Marekani mwaka 1974, wachezaji wanne au watano hushika kila mmoja mhusika wake, na mmoja aliyebaki hushika ulimwengu mzima: ndiye anayesema kwamba mlango umefungwa, ndiye anayempa sauti muuza samaki na sultani, na ndiye anayeamua dadu ya kupima kama jambo limefaulu irushwe lini. Kikundi chetu kilimwita msimamizi, lakini mzee mmoja aliyezoea kupita barazani na kutusikiliza alimwita mtambaji, na kwa maoni yangu mzee alipatia. Mchezaji akiacha, mhusika wake hupandishwa jahazi na hadithi ikaendelea bila yeye, ila mtambaji akiacha, hata hilo jahazi halipo.

Wetu aliacha kwa ujumbe wa simu, usiku, baada ya miezi 14 ya vikao vya kila Jumamosi baada ya Isha katika nyumba moja ya Mji Mkongwe. Alikuwa amepata kazi Wete, kisiwani Pemba, na Wete si mahali pa kwenda na kurudi kila wiki. Tulikosea karibu kila hatua iliyofuata, na mengi ya maelekezo haya nimeyapata humo.

Jambo la kwanza ni kutomjibu kwa pamoja. Mchagueni mmoja wenu, anayeheshimiana naye zaidi, ampigie simu faraghani na kumuuliza sababu, kwa kuwa aliyehama, aliyechoka na aliyeudhika hawatibiwi kwa dawa moja. Aliyechoka mara nyingi anataka kucheza tu, kwa hiyo mpeni mhusika, na mwingine asimamie vikao vitatu au vinne. Huenda akarudi mwenyewe bila kuombwa. Aliyeudhika asikilizwe mpaka amalize, bila kuahidiwa kitu siku hiyo. Aliyehama aagwe vizuri. Sisi wetu tulimbembeleza, naye kwa kutuonea haya akakubali kuendesha mchezo kwa simu kutoka Pemba. Vikao vilikuwa viwili. Sauti ilikatika kila joka lilipotaka kusema, na hakuna aliyejua dadu yake ya huko imeangukia wapi. Mtu aliyekwisha kusema basi, akirudishwa kwa haya, huendesha kwa haya.

Kisha rudisheni vitu vyake. Vitabu, ramani na dadu kwa kawaida huwa ni mali ya msimamizi, kwa sababu ndiye aliyevinunua au kuagiziwa na ndugu aliye ng'ambo, nanyi msivikalie kwa matumaini kwamba havitaulizwa. Hasara yenyewe si kubwa kama inavyodhaniwa: tangu Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano la mchezo huo wa Gygax na Arneson zinapatikana bure katika intaneti chini ya leseni ya Creative Commons, inayomruhusu yeyote kuzitumia, na dadu ya pande 20 hubadilishwa kwa vikaratasi 20 vyenye namba, vikatiwa katika kopo la biskuti na kurudishwa humo kila baada ya kuchomolewa kimoja. Vikaratasi vina faida nyingine pia, kwani mzazi anayeona dadu usiku huweza kudhani ni kamari, na itabidi aelezwe kwa upole kwamba hakuna kinachowekwa wala kinacholiwa.

Daftari lake la siri, hata hivyo, msiliombe. Hapa ndipo tulipopotea zaidi. Alituachia kwa ukarimu daftari lenye doa la kahawa kwenye jalada, na katika ukurasa mmoja tulikuta maneno haya, yamepigiwa mstari mara mbili: "Mzee wa bandarini si mzee." Hakukuwa na neno jingine. Tulibishana wiki tatu kama ni jini, ni kijana aliyejibadilisha sura, au ni utani wa mwandishi mwenyewe, na tulipompigia simu kumuuliza alisema hakumbuki. Maandishi ya msimamizi hayaelezi hadithi. Ni vifundo alivyojifungia kwenye leso ili asisahau, na aliyevifunga ndiye peke yake anayejua kila kifundo kina maana gani. Badala ya daftari, mrithi wake akae naye nusu saa, wawili tu, amuulize mambo matatu: ni nani katika hadithi anayewadanganya wahusika, nini kingetokea kama wahusika wasingefanya lolote, na ni kipi angependa kisiguswe kwa kuwa anakusudia kukitumia mwenyewe baadaye. Wachezaji wengine wasiwepo, kwa maana aliyekwisha kusikia siri hawezi tena kuitafuta.

Katika kumpata mrithi, msimteue mzungumzaji hodari kwa sababu ya uhodari wake. Tulifanya hivyo, na kikao kizima tukamsikiliza yeye. Aliyekuja kutufaa ni dada mmoja mkimya ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akiandika majina ya kila mtu tuliyekutana naye katika hadithi, na ambaye kila baada ya dakika chache humgeukia aliyenyamaza na kumuuliza, "Na wewe, unafanya nini?" Muulizeni anayetaka, wala msimlazimishe anayeweza. Wakitaka wawili, wapokezane mwezi kwa mwezi. Aanze na kisa kifupi kinachokwisha usiku mmoja, chenye wahusika wapya, ili akikosea asiwe ameharibu kitu mnachokipenda.

Kuhusu hadithi ya zamani, ushauri wangu ni kuifunga, ingawa najua wengi hawatakubali. Mrithi anayeendeleza hadithi ya mwenzake hupimwa kila dakika kwa kipimo cha mtu asiyekuwepo. Tengeni kikao kimoja, kila mchezaji asimulie mhusika wake yuko wapi miaka mitano baadaye, kisha muiage hadithi. Kama lazima iendelee, rukeni miaka na kuhamia mji mwingine, ili msimamizi mpya awe na ardhi yake mwenyewe. (Hadithi ndefu ya namna hii sisi hatuiiti kampeni, kama wafanyavyo wachezaji wengine. Hapa Zanzibar neno hilo likisikika barazani, kila anayepita husimama kuuliza ni ya chama gani.)

Asipopatikana wa kusimamia, ipo michezo inayochezwa bila msimamizi. Mmojawapo ni Ironsworn wa mwaka 2018, ambao nakala yake ya kidijitali hutolewa bure. Na hata huo ukiwashinda, msiifute siku. Kutaneni Jumamosi ileile mcheze bao au keram, kwa sababu siku ikishazoeleka kuwa tupu hupata shughuli nyingine. Iwapo kuondoka kwake kumeangukia karibu na Ramadhani, uchukueni mwezi huo kuwa mapumziko na kupanga kikao cha kwanza baada ya Sikukuu.

Siku msimamizi wa zamani atakapokuja kutembea, mpeni mhusika mdogo na mumketishe mbali na mrithi, la sivyo macho yote yatamwelekea yeye. Wetu alikuja Idi. Dada aliposema kwamba lango la ngome limefungwa, watu watatu waligeuka kwa mazoea na kumuuliza yeye kama linavunjika. Aliinua kikombe chake cha kahawa, akanywa kidogo, akasema, "Mnaniuliza mimi? Mimi muuza chumvi tu, nimekuja jana."