Kuhamishia programu ya Linux kwenye Haiku

Haiku, mfumo endeshi huria uliorithi BeOS, unafuata POSIX, yaani kanuni za pamoja za mifumo ya jamii ya Unix, kwa kiasi kikubwa. Programu nyingi za mstari wa amri zilizoandikwa kwa C huhamia bila kuandikwa upya. Zinazokwama hukwama kwa sababu aliyeziandika alidhani kila kompyuta ni Linux, na kazi yako ni kuzisaka dhana hizo moja baada ya nyingine.

Anza na `pkgman search jina`, amri ya Haiku ya kutafuta vifurushi. Huenda mtu ameshaihamisha. Kama haipo, ikompaili kwanza kwenye Linux, toleo lilelile. Ikigoma huko, usiisingizie Haiku. Ukitumia Haiku ya biti 32, andika `setarch x86` kwenye Terminal kabla ya chochote, la sivyo utapewa kompaila ya gcc 2.95 ya enzi za BeOS, ambayo haielewi C ya leo. Kwenye biti 64 ruka hatua hii.

`./configure` ikilalamika `cannot guess build type`, faili za `config.guess` na `config.sub` zimezeeka. Tekeleza `autoreconf -fi`, kisha:

`./configure --prefix=/boot/home/config/non-packaged`

Usiitumie njia ya kawaida ya `/usr/local`. Folda za mfumo kwenye Haiku hutokana na vifurushi na haziandikiki, kwa hiyo `make install` itagonga ukuta.

Sasa `make -k 2>&1 | tee makosa.txt`. Ile `-k` huendelea hata baada ya kosa, nawe unapata picha nzima kwa mara moja. `undefined reference to 'socket'` maana yake soketi ziko kwenye maktaba ya pekee: rudia configure ukiweka `LIBS="-lnetwork"` mbele yake. Kinyume chake, hesabu na pthread zimo ndani ya libroot, maktaba kuu ya Haiku, hivyo futa `-lm` na `-lpthread` zilizoandikwa moja kwa moja kwenye Makefile. `forkpty` na wenzake wanataka `-lbsd`. Ukikuta `epoll`, `inotify` au usomaji wa `/proc`, vitu vya Linux, hapo pana kazi ya kweli: `epoll` mara nyingi hubadilika kuwa `poll`, lakini hizo nyingine mbili zinadai msimbo mpya.

Kosa baya kuliko yote halionekani wakati wa kukompaili. Kwenye Linux, `ENOENT`, namba ya kosa la faili kutopatikana, ni 2. Kwenye Haiku ni -2147459069, kwa kuwa namba zote za makosa huko ni hasi, urithi wa BeOS. Tazama mistari hii, iliyojaa kwenye programu za Linux (`errno` hushika namba ya kosa la mwisho):

`if (n == -1) return -errno;`
`if (soma(f) < 0) acha();`

Kwenye Haiku `-errno` inageuka kuwa chanya, sharti la pili halitimii, na programu inaamini imesoma baiti bilioni mbili. Inaanguka mbali kabisa na mahali kosa lilipozaliwa, na unaweza kupoteza siku nzima ukipekua faili isiyo na hatia. Kwa hiyo, kabla hata ya kujaribu, tekeleza `grep -rn -e '-errno' -e 'return -E' .` Yakitokea mengi, kompaili kwa `-DB_USE_POSITIVE_POSIX_ERRORS` na uunganishe `-lposix_error_mapper`. Fanya hivyo kwa programu nzima. Nusu ikibaki bila bendera hiyo, pande mbili zitasomeana namba tofauti.

Unaporekebisha msimbo, usitapakaze `#ifdef __HAIKU__` kila mahali. Pima kama kitu kipo, kwa mfano `AC_CHECK_FUNCS([epoll_create1])`, ili mifumo mingine nayo inufaike na wenye mradi wawe radhi kupokea kiraka chako.

Ikishafanya kazi, iandikie resipe ya HaikuPorter, zana ya kujenga vifurushi vya Haiku, mfano `app-text/jina/jina-1.2.recipe`, yenye `SOURCE_URI`, `CHECKSUM_SHA256`, `LICENSE`, `PROVIDES`, `REQUIRES` na vipengele vya `BUILD()` na `INSTALL()`. Weka `ARCHITECTURES="all !x86_gcc2"` na `SECONDARY_ARCHITECTURES="x86"`. Amri ya `haikuporter`, ambayo wengi huifupisha `hp`, hujenga ndani ya chroot, mazingira yaliyotengwa na mfumo wako, ambamo mna vile tu ulivyovitaja kwenye `BUILD_REQUIRES` na `BUILD_PREREQUIRES`. Ikijengeka kwa mkono ikagoma kwa `hp`, kuna kitu umesahau kukitaja, mara nyingi `cmd:pkg_config`. Mabadiliko yako yatoe kwa `hp -e`, na kiraka hichohicho kipeleke kwa wenye mradi.