Namna ya Kusoma Chapa za Vyombo vya Kale vya Fedha vya Italia

Ukibahatika kupata kijiko, sinia au birika la fedha linalosemekana kutoka Italia, usikubali mtu alisugue. Huku kwetu Mikindani, ambako unyevu wa pwani huharakisha weusi wa fedha, mkono wa mtu hukimbilia majivu au stilwaya, na chombo kinapoanza kung'aa ndipo herufi ndogo zilizobeba historia yake zinapofutika. Kioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya maji, kikaushe kwa kitambaa cha pamba, kisha mulika tochi ya simu kwa ubavu ili kivuli kiingie ndani ya chapa. Lenzi ya sonara inayokuza mara kumi inatosha kabisa.

Chapa za kijiko hutafutwa nyuma ya mpini, na za birika chini ya kitako na ndani ya ukingo wa kifuniko. Kifuniko chenye chapa zisizofanana na za birika lenyewe huenda kilitoka kwenye birika jingine.

Utakachokiona kwanza ni namba, ambayo kwa vyombo vya Italia mara nyingi ni 800, yaani sehemu 800 za fedha halisi katika kila 1000, zilizobaki zikiwa hasa shaba. Namba 925 nayo ipo. Hata hivyo namba peke yake haitaji nchi, na hilo nililijua kwa kulipia: mchuuzi mmoja aliniuzia kijiko chenye 800 akiapa kuwa ni cha Italia, nami sikujali vijialama viwili vilivyokuwa kando yake, mwezi mwandamo na taji. Hizo ni alama za Ujerumani, zilizoanza kutumika mwaka 1888. Katika mikoa hii ya Lindi na Mtwara, iliyowahi kutawaliwa na Wajerumani, nilipaswa kuanza na shaka hiyo.

Chapa inayofunua umri zaidi ni ya mtengenezaji, na hapo uangalie umbo la fremu kabla ya herufi. Sheria ya Italia ya mwaka 1934 ilimlazimisha kila mtengenezaji kuweka namba ya usafi (kama ile 800) pamoja na chapa yake iliyosajiliwa. Chapa za kipindi hicho zimo ndani ya rombasi, yaani mraba uliosimamishwa kwenye ncha, na zina namba ya mtengenezaji, herufi za mkoa na picha ya fungu la fimbo lililofungwa pamoja na shoka, nembo ya utawala wa Mussolini, dikteta wa Italia. Kuanzia mwaka 1944 fungu hilo liliondolewa, rombasi ikabaki na namba na mkoa. Sheria ya mwaka 1968 ikaleta fremu ndefu ya pembe sita yenye nyota, namba na mkoa, huku namba ya usafi wa fedha ikikaa ndani ya umbo la yai. Herufi MI ni Milano, FI ni Firenze, VI ni Vicenza na AR ni Arezzo. Ndiyo maana 1AR, chapa ya kwanza ya Arezzo, ikawa jina la kampuni ya UnoAErre.

Vyombo vya kabla ya mwaka 1934 ni vigumu zaidi. Sheria ya mwaka 1872 iliufanya upigaji chapa kuwa wa hiari, ikitumia kichwa cha mwanamke aliyevaa taji la minara. Kabla ya Italia kuungana mwaka 1861, kila dola ilikuwa na alama zake: Venezia simba wa Mtakatifu Marko, Napoli herufi NAP chini ya taji, Roma ya Mapapa funguo zilizopishana.

Ukisoma neno ALPACCA, hiyo si fedha bali ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Kama chapa imefutika, nenda kwa sonara mwenye mizani nzuri. Kipime kijiko kikavu, kisha weka bakuli la maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, na ukining'inize kijiko kwa uzi kizame chote bila kugusa kitako. Gawanya uzito wa kwanza kwa wa pili. Kijiko cha gramu 61.2 kikisoma 6.0 majini kinatoa 10.2, ambayo ni dalili nzuri ya fedha ya 800. Cha alpacca chenye uzito huohuo kingesoma karibu 7. Kipimo hiki hakifai kwa visu, kwa sababu mpini wa kisu huwa ni ganda jembamba la fedha lililojazwa kitu kingine ndani.