Eksileta ya dizeli ya zamani inanasa? Anzia kwenye pampu kabla hujanunua kebo

Juzi Jumapili nimeshinda Uyole hapa Mbeya na shemeji yangu, ana Hilux ya zamani injini 3L (hilo ni jina la injini, sio lita) anayobebea viazi vya Isyonje, akiachia mafuta injini inabaki inalia tu, inashuka ikijisikia. Mtu wa pili mwezi huu kuniuliza kitu hichohicho, na hii baridi ndo kwanza imeanza, kwa hiyo nimeamua niandike. Naongelea dizeli zenye kebo na pampu ya kawaida ya kusukuma dizeli kwenye injini, zile za Toyota 2L, 3L, 5L na ndugu zake. Kama pedeli yako ina waya za umeme, huu mwongozo sio wako.

Kwanza elewa kitu kimoja, pedeli inavuta kebo, kebo inavuta mkono ulioko juu ya pampu, springi inaurudisha. Basi. Ukinasa, umenasa kwenye moja ya hizo.

Hatua ya 1. Zima gari, toa kapeti ya dereva. Usicheke, nimeshaona kapeti imekunjika chini ya pedeli na jamaa kashatoa pesa kwa fundi.

Hatua ya 2. Chomoa kebo kwenye mkono wa pampu, halafu usukume mkono kwa kidole na uachie. Ukirudi kwa kishindo, pampu ni nzima, shida iko kwenye kebo au pedeli. Ukirudi kwa uvivu, angalia springi kama imechoka au tope limeganda pale kwenye shafti, safisha kwa brashi na dizeli kidogo. Ukibaki mgumu hata baada ya kusafisha, peleka kwa fundi pampu. Usifungue ule mkono mwenyewe, umekaa kwenye meno, ukirudisha jino moja pembeni umeharibu seti yote, na zile skrubu zenye sili usiziguse kabisa.

Hatua ya 3, kebo. Ining'inize, dondoshea mafuta ya cherehani juu mpaka yatokee chini. Mimi grisi kwenye kebo sitaki, huku kwetu mwezi wa saba asubuhi inakuwa nzito kama ugali uliolala, na ile dawa ya kopo ya kupuliza inalainisha siku tatu halafu inakauka na vumbi linashika. Ukiona nyuzi zimeanza kukatika hata moja, hiyo sio ya kulainisha, badilisha. Na kati ya mpya feki na ya mtumba iliyotoka kwenye gari la Japani, mi nachukua ya mtumba.

Hatua ya 4, hapa ndo nilipoteza siku nzima mwaka juzi na gari yangu mwenyewe, kwa hiyo soma taratibu. Mkono wa pampu ukiwa umeachiwa unatakiwa ulalie ile skrubu ya sailensa (sio ya ekzosi, naongelea mzunguko wa injini ikiwa inawaka bila kukanyagwa mafuta). Mi nilikuta haujalala, kuna nafasi ya milimita kadhaa, sailensa iko juu, nikasema aah skrubu imekazwa sana, nikailegeza, hakuna mabadiliko, nikalegeza tena, hakuna, nikalegeza tena. Asubuhi, injini ya baridi. Nikaondoka zangu, injini ikapata moto, nafika Mlima Nyoka naachia mafuta nibadilishe gia, gari ikazima palepale, lori nyuma yangu linapiga honi.

Kumbe pembeni ya pampu kuna kidude chenye nta ndani, maji ya injini yanapita humo kwa vipaipu viwili vidogo. Injini ikiwa ya baridi kinausukuma mkono makusudi ili sailensa iwe juu, maji yakipata moto nta inatanuka kinauachia. Kwa hiyo ile nafasi niliyoiona asubuhi ilikuwa halali, na skrubu niliyokuwa nahangaika nayo ilikuwa haigusi kitu! Usipime sailensa mpaka injini iwe imechemka vizuri. Ikichemka na bado mkono haulali, shika vile vipaipu viwili (angalia feni), kama ni vya baridi maji hayapiti, labda rejeta imepungua au kutu imeziba, maana wengi wetu tunajaza maji ya mtoni mwaka mzima. Mfuniko wa rejeta usiufungue ikiwa ya moto.

Kama vipaipu ni vya moto, angalia kebo ya pili, ile ya nobu ya kuvuta kwa mkono kwenye dashibodi. Watu wanaivuta asubuhi ya baridi kisha wanaisukuma, nobu inarudi lakini waya ndani umeshika kutu haurudi. Ichomoe kwenye pampu uone. Ya shemeji ilikuwa hiyo.

Ikikunasia njiani, tuseme unashuka Kitonga: kanyaga klachi, toa gia, shika breki. Injini italia vibaya ila gavana ya pampu (kile kinachozuia injini isizunguke kupita kiasi) ina mwisho wake, iache ilie. Usikimbilie kuzima ukiwa kwenye mwendo, kwenye hizi injini bomba la kuvuta hewa ya breki liko nyuma ya alteneta, injini ikizima unabakiwa na breki chache laini, halafu mguu unakuwa kama umekanyaga jiwe. Simama kwanza ndo uzime.

Hatua ya 5. Rudisha kebo, iachie ulegevu kidogo kama milimita 2, washa, kanyaga na kuachia mara kumi injini ikiwa ya moto.

Ile kebo ya nobu ya shemeji tumeitoa kabisa, anasema atakuwa anakanyaga mwenyewe. Kebo mpya ya eksileta aliyokuwa ameshanunua Mwanjelwa iko chini ya kiti, dukani wamekataa kuirudisha.